Saa za pamoja: maana yake kwa timu iliyotawanyika

Saa za pamoja ni kile kipande cha siku ambacho watu wote wa timu wako kazini, kila mmoja kwa saa ya mahali alipo. Timu ikikaa mji mmoja hakuna anayekifikiria, maana siku nzima ya kazi ni ya pamoja. Ikitawanyika, kipande hicho hupungua, na mara nyingine huisha kabisa.

Kukitafuta ni hesabu tu. Chukua siku ya kazi ya kila mtu, igeuze iwe UTC, yaani saa sanifu inayotumika kupimia kanda zote za saa duniani, kisha tazama siku hizo zinakutana wapi. Tuseme ni Januari, watu wako London, New York na Mumbai, na kila mmoja anafanya kazi 9:00 hadi 17:00 ya kwake. London wakati huo iko sawa na UTC. New York iko nyuma kwa saa 5, hivyo siku yake inaangukia 14:00 hadi 22:00 UTC. Mumbai iko mbele kwa saa 5 na nusu (kanda za nusu saa zipo, na Nepal iko mbele ya UTC kwa saa 5 na dakika 45), kwa hiyo siku yake ni 3:30 hadi 11:30 UTC.

London na New York wanapata saa 3 za pamoja. London na Mumbai wanapata saa 2 na nusu. New York na Mumbai hawapati hata dakika moja, na hivyo timu nzima ya watu watatu ina sifuri.

Kosa la kawaida hapa ni kuendelea kuisaka saa nzuri ambayo haipo. Mkutano wa 14:00 UTC unaonekana wa haki: London ni mchana, New York ni 9:00 asubuhi, anayesumbuka ni mmoja tu, wa Mumbai, ambaye kwake ni 19:30. Lakini ni yuleyule kila wiki, na haichukui muda kabla hajaanza kukosa kuonekana. Afadhali kuulizana waziwazi nani anabeba adha safari hii, kisha kupokezana. Wiki inayofuata mkutano uwe 11:00 UTC: Mumbai ni 16:30, na wa New York ndiye anayeamka kuketi mbele ya kamera saa 6:00 alfajiri. Taarifa za maendeleo ziandikwe, kila mtu azisome kwa muda wake. Muda wa kuonana uachiwe mambo yanayohitaji kubishana.

Tatizo jingine ni kwamba hesabu hii haitulii. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, na India haisogezi kabisa. Kwa wiki mbili au tatu hivi tofauti ya London na New York huwa saa 4 badala ya 5, na mkutano uliofungwa kwenye saa ya New York unamkuta mtu wa London bado anakula. Kwa hiyo mkutano wa kila wiki utajiwe mji ambao saa yake ndiyo inayofuatwa. Ule wa mara moja uandikwe kwa UTC, isiyobadilika majira yoyote.

Na tarehe iandikwe pia. Mtu wa San Francisco akisema mwezi Januari "tumalizane Ijumaa 16:00", mwenzake wa Tokyo tayari yuko Jumamosi 9:00 asubuhi.