Zebaki ya bondeni: ukichemsha HAIONDOKI

Niko zahanati moja huku Geita, jirani na makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na mialo ya kuoshea dhahabu. Maji ya kuoshea dhahabu yanaishia bondeni, na bondeni huko huko kina mama wanachota maji, watoto wanavua kambare, ng'ombe wanakunywa. Maswali ni yale yale kila wiki, nimechoka kujibu mmoja mmoja mlangoni, haya hapa.

Zebaki ni nini hasa?
Ile ya majimaji inayong'aa, mnaichanganya na mchanga ikamate dhahabu alafu mnaichoma. Nyingine inapotelea kwenye marudio, ule mchanga unaobaki mkishaosha, mvua ikinyesha inashuka bondeni. Ni nzito, inazidi maji zaidi ya mara 13, kwahiyo inazama na kukaa topeni. Sasa kwenye tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, na hiyo ndo inaingia kwa wadudu, wadudu wanaliwa na samaki wadogo, wadogo wanaliwa na kambare, kambare unamla wewe.

Dokta, maji ya bondeni mi nachemsha kabisa.
Chemsha, kwa kuhara na taifodi endelea kuchemsha. Ila zebaki sio kijidudu, haina uhai wa kuuawa na moto. HAIONDOKI.

Na kambare nikimkaanga mpaka akauke?
Haiondoki. Imeshikana na nyama yenyewe, haiko kwenye ngozi wala mafuta, ukikaanga kinachotoka ni maji na zebaki inabaki kwenye kipande kilichosinyaa. Limao, magadi, kuanika, kubanika kwa moshi, haiondoki.
Kuna mama alikuja kliniki mimba ya miezi sita, msafi, kila kitu kwake kinachemshwa mara mbili, na kila siku anakula kambare wa pale chini akijua yuko salama. Kosa ni letu pia, tulisema "chemsha" tukaishia hapo. Zebaki hii inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto, na ubongo wa mtoto unaojengwa tumboni ndo unaumia kuliko wa mama.

Nikinywa maziwa?
Kunywa kama una njaa. Haiondoki.

Basi si walete katapila lizoe tope lote?
Ndo kila mtu anawaza hivyo. Ukichimbua unatibua kilichotulia, maji yanakwenda nayo mbali, na hilo tope lililozolewa utalimwaga wapi, shambani kwa nani? Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulijulikana 1956, wakaja kuchimbua tope la ghuba na kulifukia kwenye eneo la hekta 58, kazi ilianza 1977 ikaisha 1990. Hiyo ni Japani na pesa zake.
Njia nyingine ni kuifungia hapo hapo ilipo. Kwanza anayemwaga aache, bila hilo mengine yote ni kujisumbua. Alafu wataalamu wanapima tope, wanatandaza mchanga safi au udongo wa mfinyanzi juu yake, au wanachanganya mkaa maalum wa kiwandani wenye vitundu vidogo sana unaoishika zebaki isitoke kirahisi kuingia kwa wadudu. Sio mkaa wa gunia wa kupikia, tafadhali msianze kumwaga majivu bondeni. Matete na mafunjo yanaachwa maana mizizi inashikilia tope, na samaki wanapimwa miaka kadhaa mfululizo kuona kama inashuka. Jikoni kwako huwezi kuitoa, ndo maana inabidi izuiwe huko huko topeni.

Sisi tunachota tu tope tukaoshe upya, dhahabu bado ipo.
Najua ipo. Na kila karai unalochota unaifungulia zebaki, afu jioni unawapelekea wanao kambare wa pale pale. Acheni lile tope. Mafuriko pekee yanatosha kulitibua.

Nije zahanati lini?
Ganzi midomoni na vidoleni, mikono inatetemeka, unayumba ukitembea, macho hayaoni vizuri pembeni. Usizunguke kwa waganga miezi minane ndo uje kwangu umeshikwa mkono na mtoto wako, mishipa ya fahamu ikishaharibika hairudi kirahisi. Mjamzito usisubiri dalili, sema mapema unaishi wapi na unakula samaki wa wapi.

Kwahiyo niache samaki?
Hapana! Dagaa wa ziwani kula, samaki wadogo wana zebaki kidogo. Wa kuacha ni kambare na kamongo wa bonde linalopokea maji ya mialo.

Kikaango tulichochomea dhahabu tumekisugua kwa majivu na sabuni, si tunaweza kukaangia mayai?
Haiondoki jamani. Na moshi wake mliuvuta wote humo jikoni. Kitoboe kabisa kabla hujakitupa, maana ukikitupa kizima kuna mtu atakiokota.