Je, Wajua Kwa Nini RAM Mbili za GB 8 Huishinda Moja ya GB 16?

Mpwa wangu anayesoma Kampala alibana matumizi mwaka mzima hadi akajinunulia kompyuta yake ya kwanza ya gemu. Kadi ya picha ilimshinda bei, kwa hiyo akachukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo huchora picha yenyewe bila kadi. Wiki haikuisha, akanipigia simu: "Mjomba, gemu inakwama kila nikigeuka. Na yule jamaa wa dukani aliniapia, 'Ssebo (bwana), GB 16 zinakutosha kabisa.'"

Nilipofika kwake Ntinda tukafungua kasha. Nafasi za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea, ni nne, na iliyojaa ni moja tu, ina kipande kimoja cha GB 16. Muuzaji hakudanganya. Alichoacha kusema ni kwamba madabodi ya kawaida, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, ina chaneli (njia) mbili za kwenda kwenye RAM, na kipande kimoja hutumia moja tu. Ya pili inabaki imelala.

Chukua mfano wa stoo ya Kikuubo, kule kwa wafanyabiashara wa jumla Kampala, yenye milango miwili. Magunia yamo ya kutosha na wachukuzi wapo, lakini mlango mmoja umepigwa kufuli. Kila mtu anasukumana kwenye ule uliobaki, na mteja nje anaambiwa subiri. Ukimwongezea mwenye stoo chumba kingine cha magunia, foleni mlangoni iko pale pale. Hizo GB unazotajiwa dukani ni ukubwa wa stoo. Milango hakuna anayekutajia.

Hesabu yake si ngumu. Kila chaneli ina upana wa biti 64, yaani hupitisha baiti 8 kwa safari moja. RAM ya DDR4 (kizazi cha nne cha RAM za aina hii) iliyoandikwa 3200 hufanya safari milioni 3,200 kwa sekunde. Zidisha kwa 8, unapata GB 25.6 kwa sekunde. Weka vipande viwili, kila kimoja kwenye chaneli yake, unapata GB 51.2. Kwa nini basi mtu aandikaye barua kwenye kompyuta hiyo hiyo asione tofauti? Kwa sababu prosesa ina hifadhi yake ndogo ya ndani, na kazi nyepesi huishia humo bila kusumbua RAM.

Picha ndizo zinazoitesa RAM. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na kila nukta huchukua baiti 4, kwa hiyo fremu moja, yaani picha moja kamili ya skrini, ni kama MB 8. Fremu 60 kwa sekunde zinakaribia MB 500, na hapo umeandika kila nukta mara moja tu. Gemu huirudia nukta ile ile mara nyingi: rangi ya ukuta, kivuli, mwanga, moshi. Kadi ya picha ya kununua huja na kumbukumbu yake. Hata GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo haikuwa kadi ya matajiri, ilipitisha GB 128 kwa sekunde. 5600G haina hiyo anasa. Inachota kwenye RAM ile ile inayotumiwa na prosesa, kwa mlango ule ule mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea kama una kadi. Kama unayo, kipande kimoja cha GB 16 kitakupunguzia fremu kiasi, lakini utacheza, na unaweza kuongeza cha pili baadaye. Kama huna, usikubali kipande kimoja hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Afadhali ubaki na kasha bovu lisilo na mataa.

Kesho yake tulirudi dukani, tukaongeza hela kidogo, tukabadilishiwa vipande viwili vya GB 8 vya aina moja. Kijana kwa furaha akavichomeka kwenye nafasi mbili za kwanza, bega kwa bega. Akawasha gemu. Hakuna kilichobadilika. Tukafungua CPU-Z, programu inayoonyesha vilivyomo ndani ya kompyuta, nayo ikaonyesha bado ni chaneli moja. Kosa lilikuwa letu: kwenye madabodi nyingi za nafasi nne, mbili zinazofuatana ni za chaneli moja. Unatakiwa kuruka moja: hesabu kutoka kwenye prosesa, weka ya pili na ya nne. Kitabu cha madabodi kinachora jambo hili, lakini nani husoma kitabu? Tulipovihamisha, gemu ikaacha kukwama kwenye kona.

Kulibaki kisa kingine kidogo. Lebo ya RAM ilisema 3200, Task Manager ya Windows ikasema 2400. Si ulaghai. RAM nyingi huamka na mwendo wa usalama hadi uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya madabodi, mara nyingi kwa kubonyeza Delete kompyuta inapowaka, ukawashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kukimbia kwa mwendo wa lebo yake. Kwenye madabodi kadhaa za AMD, watengenezaji wa Ryzen, utaikuta kwa jina la DOCP, na kwa DDR5 ni EXPO. Kuna watu wamecheza miaka na RAM iliyofungwa breki bila kujua.

Na usibabaishwe na namba kubwa pekee. Pembeni yake kuna CL, yaani RAM inasubiri mizunguko mingapi kabla ya kujibu. 3200 yenye CL16 na 3600 yenye CL18 zote huanza kujibu baada ya nanosekunde 10.

Ukubwa je? Gemu ya GTA V ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2015 iliomba GB 4 na kupendekeza 8. Cyberpunk 2077, baada ya masharti yake kupandishwa mwaka 2023, inaanzia GB 12 na kupendekeza 16. Kwa kompyuta ya kwanza mimi nasema 16, hasa usipokuwa na kadi, maana sehemu ya RAM hukatwa kwa ajili ya picha. Ukiwa na GB 8 na picha zikachukua 2, Windows na gemu wanagombania 6.

Wanaonunua kompyuta za ofisi zilizotumika, zile Dell na HP, wafungue kasha kabla ya kununua RAM. DDR3 ina pini 240, DDR4 na DDR5 zina 288, ila pengo la katikati halipo mahali pamoja, hivyo haziingiliani. Ikikataa kuingia, usilazimishe. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba, hivyo kosa la kununua aina isiyo yako linauma zaidi.

Sasa mpwa wangu anazitazama zile nafasi mbili tupu na kuniuliza kama akizijaza zote nne kasi itaongezeka mara mbili tena. Haiongezeki. Chaneli ni zile zile mbili, na vipande vinne huilemea prosesa. Kwa Ryzen 7000 zenye DDR5, AMD yenyewe inaahidi mwendo wa 5200 kwa vipande viwili, na 3600 tu kwa vinne. Nimemwambia hela hiyo aiweke kwenye kadi ya picha.