Je, wajua kwa nini msichana aliyekosa taji anaweza kurudi nyumbani na ujasiri zaidi?

Je, wajua kwamba katika mashindano ya urembo anayefaidika zaidi si lazima awe yule aliyevikwa taji? Anayefuatilia mashindano haya mjini Malindi, yawe yameandaliwa katika ukumbi wa hoteli au wa shule, huweza kugundua jambo la kushangaza: wasichana kumi na kadhaa huingia, mmoja tu hushinda, na bado baada ya miezi michache wengi wa wale walioshindwa huzungumza, hutembea na huomba kazi kwa namna ambayo hawakuijua kabla. Sababu haiwezi kuwa uzuri wa sura, kwa kuwa sura zao ni zile zile walizoingia nazo. Kuna jambo lililofanyika kati ya siku ya kujiandikisha na usiku wa fainali, na jambo hilo lina maelezo.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Canada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo fulani hutokana na vyanzo vinne. Chenye nguvu kuliko vyote ni kulifanya jambo lenyewe na kulifanikisha. Vingine ni kumwona mtu wa hali yako akilifanya, kutiwa moyo na mtu unayemwamini, na namna unavyoufasiri mwili wako pale moyo unapodunda na magoti yanapotetemeka. Mashindano ya urembo, yakiendeshwa vizuri, huvikusanya vyanzo vyote vinne katika majuma machache, na ni nadra darasa la kawaida kufanya hivyo.

Kile cha kwanza kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndicho ambacho watazamaji wa usiku wa fainali hawakioni. Msichana wa Muyeye au wa Maweni anayejiandikisha kwa mara ya kwanza huenda hajawahi kusimama mbele ya umati tangu alipoacha shule. Mazoezi ya mwanzo humfundisha kutembea tu: kuinua kidevu, kulegeza mabega, kuvaa viatu vya visigino virefu bila kuangalia chini, kufika ukingoni mwa jukwaa, kusimama, kugeuka na kurudi. Hutembea mbele ya wenzake wanne au watano ambao nao wanajikwaa. Baadaye hutembea mbele ya kundi zima, kisha hupewa maikrofoni ataje jina lake, anakotoka na anachosomea, kisha huja siku ya mchujo ambapo majaji wameketi wakiwa na kalamu mkononi. Kila hatua huzidi kidogo tu ile iliyotangulia, na kila moja humwachia ushahidi asioweza kubishana nao: nilisimama, nikasema, nikamaliza, na halikunipata baya lolote. Ni kama mtoto wa Shela anayejifunza kuogelea, ambaye huanza na maji ya magotini, akaendelea hadi ya kifuani, mpaka siku moja akatambua kwamba ameshaacha kukanyaga mchanga.

Mpangilio huu wa hatua ndogo ndogo haukuja kwa bahati. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza kwamba kutazamwa na watu humfanya mtu afanye vizuri zaidi jambo alilokwisha kulizoea, na humharibia lile ambalo bado hajalishika. Ndiyo maana mwalimu anayeijua kazi yake hamwachi mshiriki ajifunze peke yake mbele ya kioo hadi siku ya fainali. Huwaita wapishi wa hoteli, walinzi, dada na mashangazi wa washiriki, wakaketi vitini na kutazama, ili siku ya fainali macho ya watu yawe jambo ambalo msichana amekwisha kukutana nalo mara nyingi.

Sehemu ya maswali ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote. Mshiriki huulizwa swali asilolijua, hupewa muda usiozidi dakika moja, na hutakiwa kujibu huku ukumbi mzima umenyamaza. Katika fainali ya Miss Universe ya mwaka 2019 iliyofanyika Atlanta, Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini aliulizwa wasichana wa leo wafundishwe jambo gani muhimu zaidi. Akajibu kuwa ni uongozi, na kwamba wanawake wameukosa kwa muda mrefu, si kwa kuwa hawautaki, bali kwa sababu ya namna jamii ilivyowachukulia. Jibu la namna hiyo halizuki papo hapo. Tunzi alikuwa ameshiriki Miss South Africa mwaka 2017 akaishia nusu fainali, akarudi miaka miwili baadaye na kushinda, na miezi michache tu baada ya hapo akawa Miss Universe, akiwa na nywele zake fupi za asili. Yule aliyejibu Atlanta alikuwa amekwisha kushindwa mbele ya watu, na alijua kwamba kushindwa huko hakukumuua.

Hapa lazima niseme jambo linaloniumiza. Katika majukwaa mengi ya Pwani, msichana anayezungumza Kiswahili kitamu, mwenye hoja na mwenye adabu ya maneno, hulazimishwa kujibu kwa Kiingereza, akababaika, na ukumbi ukamcheka. Hurudi nyumbani akiamini kwamba hana akili, ilhali alichokosa ni lugha ya kigeni tu. Miss Universe yenyewe huruhusu washiriki kutumia wakalimani, kwa hiyo sioni kwa nini jukwaa la Malindi liwe kali kuliko la dunia. Msichana aachwe ajibu kwa lugha anayoiotea ndoto, na majaji wapime alichokisema.

Tukija kwenye mwili wenyewe, hofu ya jukwaani hufanya kazi kwa njia inayojulikana. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu, mapigo ya moyo huongezeka, mdomo hukauka na viganja hutoka jasho. Mwili hufanya hivyo hivyo mtu anapokuwa na furaha kubwa au hamu ya jambo. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 2014 utafiti ulioonyesha kwamba watu waliojiambia kuwa wana hamu kubwa kabla ya kuimba au kuhutubia walifanya vizuri kuliko wale waliojitahidi kujituliza. Kwa hiyo mama anayemshika binti yake mkono nyuma ya pazia na kumwambia "tulia, mwanangu" anafanya hivyo kwa upendo, lakini angemsaidia zaidi kwa kumwambia kwamba moyo wake unadunda kwa sababu mwili umeshajiandaa kwa kazi.

Kuna pia hofu ya kuonekana kasoro. Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza mwaka 2000 jaribio ambalo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki waliyemwonea haya, kisha wakaingizwa katika chumba cha wenzao. Walidhani karibu nusu ya waliokuwamo wangeigundua picha hiyo, lakini walioigundua walikuwa karibu robo tu. Mshiriki anayetazama video ya onyesho lake hupata somo hilo hilo, kwani kule kujikwaa alikolilia usiku kucha huonekana kwa nukta moja, na watu wa safu ya tatu hawakugeuza hata shingo.

Kuhusu kumwona mtu wa hali yako akifaulu, Afrika haina upungufu wa mifano. Mpule Kwelagobe aliiwakilisha Botswana katika Miss Universe mwaka 1999, ikiwa ni mara ya kwanza kwa nchi yake kushiriki, akashinda. Agbani Darego wa Nigeria alitwaa Miss World mwaka 2001. Majirani zetu wa Tanzania walimpeleka Flaviana Matata katika Miss Universe ya mwaka 2007 huko Mexico, akiwa amenyoa kichwa, akaingia kumi bora. Baadaye alianzisha taasisi inayosaidia elimu ya wasichana. Mwaka 2016 Evelyn Njambi wa Kenya aliingia tano bora za Miss World, na hakutwaa taji. Katika tano bora hizo alikuwamo pia Catriona Gray wa Ufilipino, ambaye naye alikosa taji usiku huo na miaka miwili baadaye akawa Miss Universe.

Msomaji wa Lamu anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi binti aliyelelewa katika stara, na swali hilo ni la haki. Kwanza, kutazamwa na kupimwa si jambo geni kwetu. Bibi harusi wa Kiswahili huandaliwa na somo wake, yaani mwanamke anayemfunda, kwa singo ya kusugulia mwili, hina, asumini na udi, kisha hutolewa akaketi mbele ya wanawake wenzake wakimtazama kuanzia unyayo hadi utosi. Wanawake wa Mombasa na Lamu walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na miondoko. Pili, sheria za mashindano hubadilika. Miss World, yaliyoanzia London mwaka 1951 kama onyesho la mavazi ya kuogelea, yalitangaza mwaka 2014 kuiacha sehemu hiyo. Halima Aden, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, alishiriki Miss Minnesota USA mwaka 2016 akiwa amevaa hijabu na vazi la kuogelea linalositiri mwili, akafika nusu fainali. Mwaka 2020 aliacha uanamitindo kwa ajili ya dini yake, na kwangu hatua hiyo ina ujasiri kama ule wa kwanza. Binti asiyetaka jukwaa la urembo kabisa anaweza kuzipata hatua zile zile katika kasida, katika mashairi, au katika mashindano ya kupaka hina yanayofanyika kwenye tamasha la utamaduni la Lamu, kwa kuwa kinachofundisha ni maandalizi na kusimama mbele ya watu.

Hata hivyo, jukwaa hili huweza kuvunja pale lilipokusudiwa kujenga. Mwanasaikolojia Jennifer Crocker, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Michigan, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba watu wanaojipima thamani kwa mambo ya nje, kama vile sura, hupata msongo mkubwa kuliko wanaojipima kwa tabia njema au kwa imani yao. Msichana akiambiwa kwa majuma kadhaa kwamba ngozi yake ing'arishwe na kiuno chake kipunguzwe, atatoka na mizani mibaya hata akishinda. Akiambiwa kwamba sauti yake imekuwa thabiti na hoja zake zimepangika, atatoka na kitu cha kwenda nacho kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, ya kuongoza watalii au ya utangazaji wa redio, na katika mji unaotegemea wageni kama Malindi hilo si jambo dogo. Maneno ya mwalimu, ambayo Bandura aliyahesabu miongoni mwa vyanzo vyake vinne, hufanya kazi pande zote mbili.

Kwa hiyo mzazi anayeombwa ruhusa na binti yake ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kulipa ada yoyote: nani ataongozana na wasichana usiku, picha zao zitakuwa mali ya nani, je, kuna mkataba na nani ameusoma, mazoezi yatachukua siku ngapi na mbele ya watu gani. Na amuulize mwandalizi jambo moja zaidi, ambalo ni rahisi kusahaulika katika shughuli za kumtafuta mshindi: wale watakaotolewa katika mchujo wa kwanza wataelezwa nini kuhusu walichofanya vizuri, na nani atawaeleza, kabla hawajapanda tuktuk kurudi kwao.