Mlo wa Krismasi wa watu wengi: anzia saa ya kula, halafu rudi nyuma

Mi kazi yangu ni kupika kwenye shughuli, na kila Desemba watu wananiuliza viungo, niweke nini nyama ikolee, wali unukie. Viungo vina nafasi yake ila mlo wa Krismasi wa nyumbani ukiharibika mara nyingi shida ni saa na nafasi, yaani nyama bado ina barafu katikati, oveni ni moja na vitu vitatu vinaitaka kwa wakati mmoja, friji imejaa vinywaji halafu nyama mbichi haina pa kukaa. Kwahiyo leo tuongelee hayo.

Kabla hujaandika menyu hesabu vifaa. Jiko lina pleti ngapi, oveni inaingiza trei ngapi, sufuria kubwa zipo ngapi, friji inabaki na nafasi kiasi gani ukishatoa soda na maji (vinywaji viweke kwenye beseni la barafu, friji iachie chakula). Kama oveni ni moja basi chagua kitu kimoja kikubwa cha oveni, vingine viwe vya sufuria, na walau viwili viwe vya kuliwa baridi ambavyo ulishavimaliza jana yake. Vyakula vitano vilivyofika mezani vya moto na vimeiva sawasawa ni bora mara nyingi kuliko kumi na mbili vilivyopoa, hapo sina mjadala.

Vipimo haraka haraka: nyama yenye mfupa kama nusu kilo mbichi kwa mtu mzima ikiwa ni aina moja tu, zikiwa aina mbili punguza kila moja, mchele gramu 75 mpaka 100 kwa mtu.

Sasa chukua karatasi, andika saa ya kula chini kabisa, panda juu ukirudi nyuma. Tuseme mnakula saa 7 mchana tarehe 25 na una bata mzinga wa kilo 5 mpaka 6. Kwenye oveni ya nyuzi 165, bila kumjaza kitu tumboni, anachukua kama masaa 3 mpaka 3 na nusu, halafu anahitaji nusu saa ya kupumzika, kwahiyo anaingia saa 3 asubuhi. Chumvi inataka siku nzima, maana yake unampaka tarehe 24 asubuhi, na huwezi kumpaka chumvi akiwa jiwe, lazima awe ameshayeyuka, na ndani ya friji kila kilo 2 mpaka 2 na nusu zinataka masaa 24, kwahiyo anatoka friza tarehe 21 asubuhi. Umeona? Mlo wa tarehe 25 umeanza tarehe 21, na asiyerudi nyuma hivi anashtuka usiku wa tarehe 24.

Na tafadhali usiyeyushe nyama kwa kuiacha mezani usiku kucha. Nje inayeyuka kwanza na kupata joto huku katikati bado barafu, na kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya dakika 20 tu. Ukichelewa kuna njia ya maji ya baridi, nyama iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, badilisha maji kila dakika 30, hesabu nusu saa kwa kila nusu kilo, ikishayeyuka ipike hapo hapo.

Kuku au bata mzinga usimuoshe kwenye sinki. Najua wengi tumelelewa tunaosha, ila maji yanarusha vimelea kwenye bomba, vyombo na hiyo saladi iliyo pembeni, na wala hayaviui, kinachoviua ni moto. Mpanguse na taulo za karatasi, nawa mikono kwa sabuni, basi.

Chumvi naipenda sana ipakwe mapema. Kama kijiko cha chai kwa kilo moja, paka kote, muweke kwenye trei shelfu ya chini kabisa ya friji bila kumfunika. Mwanzoni utaona maji yanatoka juu ya ngozi, usiogope, chumvi inayeyuka kwenye hayo maji halafu inarudi ndani taratibu na kulegeza protini ili zishike unyevu wakati wa kupika, na ngozi inakauka kwahiyo kwenye oveni inakuwa kavu na ya kumegeka.

Kuiva pima na themomita, rangi inadanganya. Ichome sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, ikifika nyuzi 74 ameiva. Nyama ya kusaga ya ng'ombe ni 71, ya kipande kizima 63 na uiache itulie angalau dakika 3. Ile nusu saa ya bata kupumzika watu wanaikata kwa njaa ila ni ya muhimu kuliko unavyodhani, joto la ndani linaendelea kupanda kidogo, juisi inatulia isimwagike kwenye ubao, na zaidi ya yote OVENI IKO WAZI. Viazi vya kuoka vinaingia hapo, mchuzi wa jana unapashwa hapo, yaani nusu saa hiyo ndo inaokoa mlo mzima.

Vipande vigumu vya ng'ombe kama shingo na mkia vipike jana yake, vinataka moto mdogo wa muda mrefu mpaka zile nyuzi ngumu zilainike, na vikilala vinakolea zaidi. Ila usiingize sufuria kubwa ya moto kwenye friji ikiwa nzima, katikati inabaki vuguvugu masaa mengi. Gawa kwenye vyombo vya kina kifupi, kama sentimita 5, iingie ndani ya masaa 2.

Wali upike mwisho, siku hiyo hiyo. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa nje zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo hata upashe vipi haiondoki.

Mezani chakula kisizidi masaa 2, na kama joto linapita nyuzi 32 ni saa 1. Wageni wanaochelewa watolee chao mapema kiende friji. Kiporo kiliwe ndani ya siku 3 au 4, na kila unapopasha kifike nyuzi 74, usipashe sufuria nzima kila mara, chota cha kula tu. Mifupa usitupe jamani, itie kwenye sufuria na kitunguu na karoti, maji yaifunike, moto mdogo masaa 3 au 4, chuja, gawa kwenye vyombo vidogo na ugandishe, una supu tayari ya wiki inayofuata.