Damu haikomi baada ya tohara? Niambieni kwanza habari za wajomba

Msimu wa tohara ukifika huku Dodoma huwa naletewa watoto wa kiume waliotahiriwa vizuri tu, mtaalamu anajua kazi yake na vifaa ni visafi, ila damu haikomi, bandeji inabadilishwa inalowa tena, kesho yake viganja vya mtoto vimepauka kabisa na nyumbani maneno yameshaanza, mara mizimu ya ukoo imekasirika, mara mama ndo kaleta mkosi. Mimi swali langu la kwanza kwa mama ni hili: kaka zako wakoje? Yupo aliyefariki mdogo kwa kutoka damu, au aliyeng'oa jino akavuja siku mbili, au ambaye goti linamvimba hata hajaanguka? Habari za baba wadogo zinaweza kusubiri, maana ninachokitafuta ni hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri.

Iko hivi. Jozi ya kromosomu (nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maagizo ya kurithi) inayoamua jinsia kwa mwanamke ni XX, kwa mwanaume ni XY, kwahiyo mama siku zote anatoa X, na baba akitoa X anazaliwa binti, akitoa Y anazaliwa wa kiume (nyie mnaomsema mke kisa anazaa mabinti tu, mbegu ni zenu jamani). Y ni fupi na jeni zake chache, ila X imebeba mamia, zikiwemo mbili za protini za kugandisha damu, namba 8 na namba 9. Ya 8 ikiwa na hitilafu ni hemofilia A, ya 9 ni hemofilia B. Mvulana ana X moja tu, ya mama, ikiharibika hana nyingine, wakati dada yake anayo ya baba inayomsaidia.

Ndo maana ugonjwa unatoka kwa mjomba unatua kwa mpwa, unapita kwa mama anayeonekana mzima. Mama akiwa mbebaji, yaani X yake moja ina hitilafu, kila mtoto wa kiume uwezekano wa kuupata ni nusu kwa nusu, na waliotangulia kuzaliwa hawapunguzi wala kuongeza. Baba mwenye hemofilia hawapi wanae wa kiume, anawapa Y, ila mabinti zake WOTE wanabeba. Na baadhi ya wabebaji hedhi zao ni nzito sana, sababu kila seli ya mwanamke inazima X moja, mwanasayansi wa jenetiki Mary Lyon alilieleza hilo 1961, ikizimwa ile nzima kwenye seli nyingi mama naye anavuja, msimwambie anadeka.

Kama theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo, jeni imebadilika upya tu, kwahiyo mkosi hapo hakuna.

Ukoo wenye wajomba wa hivyo mtoto apimwe damu KABLA ya tohara. Akikutwa nayo bado anaweza kutahiriwa, ila hospitali yenye dawa ya kugandisha damu, na asipewe aspirini wala kuchomwa sindano ya msuli. Na mama wadogo nao waambiwe, wale wenye watoto wa kiume ambao bado hawajatahiriwa.