Mbunifu wa gari la mashindano, na hii hoja ya kwamba shule haina kazi

Kila msimu wa Formula 1 ukichangamka, kwenye vijiwe vya Dar hukosi kusikia mtu akisema Adrian Newey, mbunifu mashuhuri wa magari ya Formula 1, huchora magari yake kwa penseli, kwa hiyo shule haina kazi, kwa hiyo kila fundi wa gereji za Gerezani aliyefunga tabo (turbo, ya kuongezea injini nguvu) kwenye Subaru ni mbunifu wa magari ya mashindano. Hoja hiyo inakimbia mno.

Mbunifu wa gari la mashindano ni yule anayeamua umbo la gari, uzito ukae wapi na chasisi ihimili mizigo ipi, kabla chuma hakijakatwa. Basi. Kufunga, kutengeneza na kuongezea injini nguvu ni kazi ya fundi, na wabunifu wengi ukiwapa spana utawacheka.

Tuanze na Newey mwenyewe. Alisomea uhandisi wa anga Chuo Kikuu cha Southampton, akahitimu mwaka 1980 kwa daraja la kwanza, na mradi wake wa mwisho ulihusu hewa inayopita chini ya gari na kulivuta lishike lami. Penseli ni mazoea yake tu, hesabu anazijua.

Kinachonikera ni watu kuchanganya kuwa na cheti cha uhandisi na kuujua uhandisi. Rory Byrne wa Afrika Kusini alisoma kemia, Witwatersrand. Magari aliyoyabuni kwenye timu za Benetton na Ferrari ndiyo yaliyompa dereva Michael Schumacher mataji yake yote 7. Shahada ya uhandisi hana, lakini mtu wa kemia haogopi vipimo, na tabia za hewa alikuwa amezifuatilia kwa miaka kwenye ndege ndogo za mfano alizokuwa akizibuni na kuzishindanisha. Gordon Murray, mbunifu mwingine, mzaliwa wa Durban, alipitia chuo cha ufundi cha Natal. Kwa hapa kwetu hiyo ni njia ya stashahada ya DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, siyo ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alijiundia gari lake mwenyewe kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1969, na mwaka 1978 gari aliloibunia timu ya Brabham, lenye feni kubwa nyuma, lilishinda mbio za Sweden, kisha halikushindanishwa tena.

Najua atatajwa John Cooper, muundaji wa magari ya mashindano wa Uingereza, aliyeacha shule akiwa na miaka 15. Kweli, magari ya Cooper yenye injini nyuma ya dereva yalimpa dereva Jack Brabham ubingwa wa dunia 1959 na 1960. Ila michoro ilikuwa ya Owen Maddock. Huyo hatajwi vijiweni.

Tena enzi zile chasisi ilikuwa mabomba ya chuma. Likipasuka bomba, unachomelea, unaongeza jingine, unarudi uwanjani. Mwaka 1981 mbunifu John Barnard alileta gari la McLaren MP4/1, lenye chasisi ya nyuzi za kaboni. Hapo huwezi kubahatisha, kwa sababu nguvu ya nyuzi inategemea zimelazwa kuelekea wapi, na hilo linakokotolewa kabla ya kuzioka kwenye tanuri. Wengi waliamini gari lile litavunjika kama kigae. Mwaka huohuo dereva John Watson akaligonga vibaya kwenye uwanja wa Monza, Italia, akatoka akitembea. Na Barnard? Stashahada, kutoka chuo cha teknolojia cha Watford.

Siku hizi gari moja la Formula 1 hupitia mikono ya mamia ya wahandisi, kila mmoja na kipande chake, na timu huwachukua kutoka vyuo vikuu. Mtu mmoja na ubao wake hatoshi tena, hata akiwa Newey. Kwetu hapa jina la mhandisi linalindwa kisheria na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na ni haki. Jina la mbunifu wa magari halina mlinzi, ndiyo maana linagawiwa ovyo.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkitaka kubishana semeni “si lazima chuo kikuu”, na mtumie mfano wa Murray au Barnard. Hapo mtanikuta upande wenu, walau kwa miaka yao. “Shule haina kazi” ni dai jingine kabisa, na kati ya wote niliowataja hakuna wa kulibeba.