Insulini ya Dorothy Hodgkin: fuwele mapema, awamu baada ya miaka 34

Nobel ya Kemia ya 1964, ambayo habari zake zilimkuta Ghana alikokuwa na mumewe, Dorothy Hodgkin alipewa kwa kazi yake ya eksirei juu ya molekuli kama penisilini na vitamini B12. Lakini nikiulizwa kazi ipi inaonyesha ukubwa wake, nitasema insulini. Picha yake ya kwanza ya eksirei ya fuwele za insulini ilichapishwa 1935, na umbo la molekuli likapatikana 1969. Usidhani miaka hiyo yote iliishia kwenye kuotesha fuwele.

Fuwele za insulini si kaidi sana, mradi zinki ipo, jambo ambalo mtafiti Scott alilionyesha 1934. Hodgkin alianza na miligramu 10 tu. Siku hizi tunatumia tone linaloning'inia: maikrolita 1 ya protini (miligramu 10 kwa mililita) na maikrolita 1 ya myeyusho uliokolea, kwenye kioo chembamba kinachofunikwa juu ya kisima (kitundu cha sahani ya maabara) chenye maikrolita 500 za myeyusho huohuo, ukingo ukiwa umepakwa grisi. Maji hutoka kwenye tone polepole na protini inakolea. Grisi ikiacha mwanya, tone linakauka. Tena zinki ikikutana na fosfeti huzaa fuwele za chumvi zinazopendeza kuliko za protini. Zijaribu kwa ncha ya sindano: chumvi ni ngumu na hupasuka ghafla, protini hupondeka kama kiazi kilichoiva.

Nusu ya fuwele ya protini, pengine zaidi, ni maji. Ndiyo maana 1934, pale Cambridge, Hodgkin na mwalimu wake Bernal walipata picha nzuri ya pepsini, kimeng'enya cha tumboni, walipoiacha ndani ya maji yake, kwenye kapilari (mrija mwembamba wa kioo) iliyozibwa. Iliyokauka ilikuwa haitoi kitu. Insulini huvumilia ukavu kidogo, na picha ile ya 1935 ilikuwa ya fuwele kavu. Kuingiza kapilarini fuwele isiyofika hata milimita moja ni kazi ya vidole, na vya Hodgkin vilikuwa na baridi yabisi tangu akiwa na miaka 24.

Kilichochelewesha ni awamu. Eksirei zikipita kwenye fuwele huacha madoa kwenye filamu, na kila doa ni wimbi. Weusi wa doa unakuambia wimbi lina nguvu kiasi gani, ila haukuambii kilele chake kilifika lini, na hiyo ndiyo awamu. Bila hilo huwezi kuyajumlisha mawimbi ukapata ramani ya elektroni, inayoonyesha atomu zilipo.

Njia ilipatikana Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Perutz alipotia zebaki kwenye hemoglobini, protini ya damu. Atomu nzito ikikaa mahali palepale katika kila molekuli, hubadilisha weusi wa madoa kwa kiasi kinachopimika, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoifichua awamu. Sharti lake ni gumu: fuwele isitikisike. Vipimo vyake vikibadilika hata kwa asilimia moja au mbili, unachopima ni protini iliyosogea, na hesabu yote inaharibika. Zaidi ya hapo, metali moja hukuachia majibu mawili kwa kila doa, kwa hiyo unahitaji angalau ya pili.

Insulini ilionekana rahisi, kwani zinki tayari imo: itoe, weka metali nzito zaidi, kama risasi. Mtego wake ni kwamba zinki hukaa juu ya mhimili wa pande tatu wa fuwele, yaani mstari ambao ukiizungushia fuwele theluthi ya duara, inaonekana vilevile. Metali iliyo mhimilini haitoshi kutofautisha ramani na taswira yake ya kwenye kioo. Lazima nyingine ikae pembeni. Kuipata hiyo bila kuvuruga fuwele ndiko kulikokula muda.

Ramani ya 1969, iliyoonyesha mambo madogo hadi angstromu 2.8 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita), ilionyesha molekuli sita, kila moja na asidi amino 51, zimeshikana kuzunguka zinki mbili. Kifungu hicho cha molekuli sita ndicho kinachofanya insulini ya kawaida ichomwe kama dakika 30 kabla ya kula: chini ya ngozi lazima kwanza kiachane ndipo molekuli ziingie kwenye damu. Katika insulini lispro, asidi amino ya 28 na ya 29 za mnyororo B (mmoja wa minyororo miwili ya insulini) zimebadilishana nafasi, pale pale molekuli mbili zinaposhikana, kwa hiyo huachana haraka na mgonjwa anaweza kuchoma akiwa tayari mezani.